Pete Nyeusi Upande Wangu

Jumatatu, 4 Machi

Paa limeondoka. Sitii chumvi. Upepo wa jana jioni ulinyanyua mabati ya upande wa jikoni, ukayakunja, ukayalaza juu ya uzio wa jirani, na mvua ikaingia ndani bila hodi. Leo asubuhi mwanangu amekuja na gari la kuazima. Ametazama juu, ametazama godoro lililolowa, akasema, "Mama, utakaa kwetu mpaka mvua ziishe. Halafu tutaona."

Tutaona. Nimefundisha watu kupiga chapa zaidi ya miaka thelathini, na nalijua neno ambalo mtu huliweka mahali kwa sababu hana lingine la kuweka. Nimechukua nguo, dawa za presha, miwani ya karibu, miwani ya mbali na daftari hili.

Jumanne, 5 Machi

Nimepewa chumba cha nyuma. Shuka safi, dirisha linaangalia ukuta wa jirani. Kwenye rafu kuna machupa ya jemu yaliyojaa vidude vya plastiki, vyekundu, vya bluu, vya kahawia. Nikamuuliza mkwe wangu, yaani mke wa mwanangu, hizo peremende ni za nani.

"Ni swichi, mama."

"Za taa?"

"Za kibodi. Kila herufi ina swichi yake chini."

"Na kibodi moja inataka machupa yote hayo?"

Alicheka kidogo, akaniambia nipumzike, akaufunga mlango taratibu kama anayemwacha mgonjwa.

Mwanangu amesharudi kambini. Ni mpima barabara. Hurudi nyumbani Jumamosi na kuondoka Jumapili jioni. Kwa hiyo tumebaki wawili, na katika miaka minne ya ndoa yao mimi na huyu binti hatujawahi kukaa wawili kwa muda unaozidi kikombe cha chai.

Alhamisi, 7 Machi

Mvua. Fundi wa paa anasema hapandi juu mpaka ikatike.

Jumamosi, 9 Machi

Sasa najua kwa nini nyumba hii haina panya. Mkwe wangu hufanya kazi hapa hapa nyumbani: anavaa visikizio, anasikiliza mikutano ya watu iliyorekodiwa, na kuandika kila neno walilosema, hata pale walipokohoa. Kibodi anayoitumia kaiunda kwa mikono yake, na kelele zake ni za kokoto zinazomwagwa juu ya bati. Mvua ikinyesha kwa nguvu siisikii kibodi. Ikipungua naisikia yote. Humu daftarini nimempa jina: Bi Ngurumo.

Kelele ningeivumilia. Vidole ndivyo vinavyonimaliza. Anatumia vinne! Anadonoa kama kuku, macho chini, shingo mbele. Ana kasi, siwezi kumnyima haki yake, lakini mwanafunzi wangu wa wiki ya pili angemwonea haya.

Mwanangu alipofika nikamwambia, kwa upole wangu wote, kwamba naomba saa moja tu ya kulala baada ya chakula. Akamtazama mkewe. Mkewe akatazama sahani.

"Nimesikia, mama," akasema.

Hapo hapo nikajua mdomo umeniponza. Lakini neno likishatoka halirudi, na usingizi nauhitaji.

Jumatano, 13 Machi

Bi Ngurumo amehamishia kazi yake jikoni. Anapiga huku amefunga mlango na kutandika taulo chini ya kibodi. Mvua kutwa.

Jumapili, 17 Machi

Mwanangu alipokuwa anafunga begi lake, mkwe wangu aliniletea chai, akasimama pale pale akizungusha pete yake ya ndoa.

"Mama, nimeagiza vifaa. Nitaunda kibodi ya kimya."

Nilikisikia nilichotaka kukisikia, yaani lawama. Kwamba nimekuja kwa watu na tayari watu wanabadilisha maisha kwa sababu yangu. Nikamjibu, "Usijisumbue. Mimi ni wa msimu tu, mwenzio. Mvua zikiisha utapiga hata ngoma."

Akatabasamu kwa mdomo peke yake. Nilikunywa chai yote na sikuijua ladha yake.

Jumatano, 20 Machi

Mvua. Nimekohoa. Fundi wa paa naye anasema ana mafua.

Ijumaa, 22 Machi

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi jembe langu lilichelewa, lakini leo nimekabidhiwa. Mzigo umefika: swichi mpya mfuko mzima, kikopo cha grisi, na brashi nyembamba kama ya kupaka wanja. Bi Ngurumo alikaa sakafuni sebuleni akifungua swichi moja moja kwa kijikoleo. Alipiga chafya, kifuniko kikarukia chini ya kochi. Nikakiokota. Nikauliza kinafanya nini. Hivyo tu ndivyo nilivyonaswa.

Ndani ya swichi kuna springi na mguu mdogo wa plastiki unaopanda na kushuka. Plastiki ikisugua plastiki ndiyo inayolia. Ukiipaka grisi kidogo sana mahali panaposuguana, inanyamaza. Ukizidisha, inanata kama ulimi wa mlevi. Nikavaa miwani ya karibu. Nilishona vitambaa vya mezani nikiwa msichana, na mkono wangu bado hautetemeki.

"Mama, wewe ulishafanya hii kazi?"

"Nilifundisha kwenye mashine zenye vyuma arobaini na zaidi vinavyogombana. Nani unadhani alikuwa anavitia mafuta? Mkuu wa chuo?"

Akacheka, safari hii kwa meno. Tulipaka mpaka mwanga ukaisha.

Alhamisi, 28 Machi

Swichi zote zimepakwa. Amenipa nijaribu springi za aina tatu, nyepesi, za kati na nzito. Nyepesi sizitaki, kidole kinaanguka shimoni. Nzito zinamchosha yeye. Tumechukua za kati baada ya kubishana kwa raha kabisa.

Kisha akaniuliza wanafunzi wangu nilikuwa nawafundishaje wasitazame vidole. Nikamwambia nilikuwa nawafunika mikono kwa kitambaa. Akaleta taulo lake la jikoni, akaingiza mikono chini yake, akaandika jina la mumewe. Lililotoka hapo lingeweza kuwa jina la dawa ya mbu. Tulicheka mpaka nikatafuta dawa yangu ya kifua. Mvua ilikuwa inapiga mabati na hatukuisikia.

Jumanne, 2 Aprili

Leo nilitaka kuokota soksi chini ya kitanda, nikavuta zulia. Sakafu chini yake imejaa alama za kuungua, matone ya risasi ya kuchomelea yaliyoganda, na miguu minne ya meza imeacha mashimo manne kwenye plasta. Nikatazama tena rafu, misumari ya kuning'inizia vifaa, soketi tatu za umeme kwenye ukuta mmoja. Mtu gani anaweka soketi tatu chumba cha wageni?

Hiki hakikuwa chumba cha wageni. Kilikuwa karakana yake. Wiki nne nalalia karakana ya mtu na yeye anafanyia kazi juu ya meza ya chakula, anapanga na kupangua kila tunapotaka kula. Hakusema. Nimeona haya, na haya kwangu hugeuka haraka kuwa hasira, sijui kwa nini.

Mvua imekatika mchana. Fundi wa paa kapiga simu, kaanza.

Jumamosi, 6 Aprili

Mwanangu kasema kwa furaha, "Mama, paa linaenda vizuri. Kabla ya katikati ya mwezi wa tano utakuwa kwako." Mkewe alikuwa anaosha vikombe. Sikuona akigeuka. Nilisema vizuri, nikasema nimekumbuka nyumba yangu.

Nimekumbuka nini? Tangu marehemu mume wangu aondoke, mle ndani nazungumza na redio. Redio haijawahi kunibishia. Lakini mtu hajialiki.

Alhamisi, 11 Aprili

Siku ya kuchomelea. Niiandike vizuri, maana ilikuwa siku nzuri.

Bodi ni ubao mwembamba alioutoboa mwenyewe, hauna alama yoyote. Kila swichi inataka mwenzake, punje ya kioo rangi ya chungwa iitwayo dayodi, yenye pete nyeusi upande mmoja. Ni mlango wa kwenda tu: umeme unapita kuelekea kwenye pete na haurudi. Bila dayodi, ukibonyeza herufi tatu kwa pamoja kibodi inachanganyikiwa na kuandika ya nne ambayo hukuigusa. Nilimwambia nimewahi kuwa na wanafunzi wa namna hiyo.

Taa ya meza ni moja na waya wake ni mfupi, kwa hiyo tuliiweka katikati na kukaa tukitazamana, bodi kati yetu. Kila mmoja alichukua nusu iliyokuwa mkono wake wa kulia. Ana vyuma viwili vya kuchomelea. Kipya akanipa mimi.

"Kanuni ni moja, mama. Pete nyeusi iwe upande wako. Mimi kila nikiunda hujiambia hivyo: pete upande wangu, pete upande wangu."

"Pete upande wangu," nikaitikia, kama darasani.

Ukigusisha chuma na waya wa risasi, risasi inang'aa, inayeyuka, inakumbatia mguu wa dayodi, na moshi mwembamba unapanda. Mwanzoni nilitoa mabonge. Baadaye nikapata mkono. Mvua nje, taa katikati, na sisi vichwa vimekaribiana mpaka nywele zake zikanigusa paji la uso.

Nilimuuliza anapata nini katika haya yote, kibodi si zinauzwa madukani? Alimaliza kwanza dayodi aliyokuwa nayo.

"Kutwa naandika maneno ya watu, mama. Neno langu haliruhusiwi hata moja. Wakikosea, naandika kosa lao. Hiki ndicho kitu changu peke yangu. Hiki na..." Akaishia hapo. Nilijua alitaka kusema chumba. Na mimi nikainamisha kichwa nikajifanya natafuta dayodi.

Jumapili, 14 Aprili

Sijui nianzie wapi.

Mwanangu alipoondoka tukaichomeka kibodi. Nusu ya Bi Ngurumo ikaandika. Nusu yangu kimya. Nikabonyeza herufi yangu ya kwanza, ya pili, ya mwisho. Hakuna kitu. Bi Ngurumo akaigeuza bodi, akaisogeza chini ya dirisha, akaikodolea macho.

"Zako zimegeuka, mama."

"Hazijageuka. Uliniambia pete upande wangu. Nimeweka upande wangu, moja moja."

"Basi labda ulisahau."

"Nusu nzima? Mimi?"

Akaenda kwenye kompyuta, akabadilisha mstari mmoja wa programu, ule unaoiambia chipu, yaani ubongo wa kibodi, umeme uanzie upande gani. Akanipa nijaribu. Nusu yangu ikaandika yote bila kukosa herufi! Yake ikafa. Nikapiga makofi, Mungu anisamehe.

"Umeona? Zangu nzima. Zako ndizo zimegeuka."

"Mama, mimi nimeunda kibodi nyingi mpaka nimezigawa."

"Na mimi nimefundisha kufuata maelekezo kabla hujazaliwa."

"Basi mmoja wetu ayeyushe nusu yake aanze upya."

"Huyo mmoja hatakuwa mimi."

Pale mtu mwenye busara angekwenda kuchemsha chai. Hatukuwa na mtu mwenye busara. Akaweka bodi chini, taratibu, na sauti yake ikawa ndogo, jambo lililonitisha kuliko kama angepaza.

"Kwako kosa lina mwenyewe kila siku, na mwenyewe si wewe. Kelele zangu. Vidole vyangu. Nimehamia jikoni, nimeweka taulo, nimetoa hata chumba changu..."

"Nilikuomba?"

"Hukuomba. Nilikitoa mwenyewe. Lakini nakihitaji, mama, ndiyo. Nakihitaji chumba changu, sitakudanganya."

"Mvua zikiisha utakipata."

"Sijasema nakitaka wewe usipokuwepo. Nimesema nakitaka."

Nikaingia chumbani, chumbani kwake, nikafunga mlango. Nimeliandika neno lake kama lilivyo ili nilitazame, maana nilipolisikia nilisikia nusu tu.

Jumatatu, 15 Aprili

Mvua. Hatujasemezana ila "chumvi" na "asante".

Jumanne, 16 Aprili

Nimelala chali nikiangalia yale machupa. Mtu akiwa na hasira hufikiri haraka na vibaya. Hasira ikipoa hufikiri polepole na angalau anafika.

Niliwaza hivi. Vifaa viliagizwa wiki ya pili tangu nije. Kuvisubiri, kupaka grisi, kutoboa, kuchomelea, kuandika programu: yeye mwenyewe kaniambia kazi hii inakula msimu mzima. Na mimi ni wa msimu. Kwa hiyo kibodi ingekamilika siku nafunga mizigo. Sasa nani anajihangaisha kuunda kitu cha kimya kwa ajili ya mgeni ambaye siku kitakapomalizika atakuwa ameondoka? Angejipigia tu ngurumo zake na kuhesabu wiki.

Hakuwa anaunda kwa ajili ya mvua hizi. Alikuwa anaunda kwa ajili ya baada ya mvua. Nami siku aliponiambia nilimjibu mambo ya ngoma.

Jumatano, 17 Aprili

Leo alikwenda mjini kupeleka kazi. Nikakaa kwenye kiti changu, nikawasha chuma, nikaanza kuyeyusha nusu yangu. Si kwa sababu nilikosea. Bado niliapa sikukosea. Ila nilitaka arudi akute nimetangulia.

Kuyeyusha ni kugumu kuliko kuchomelea. Risasi inang'ang'ania. Nikafanikiwa kutoa tatu na kuzigeuza, pete upande wa mbali. Ya nne ilinichoma kidole. Nikakimbilia bomba, nikakaa na kidole chini ya maji nikimtukana mtu aliyevumbua umeme, na niliporudi nikajitupa kwenye kiti kilichokuwa karibu na mlango. Kiti chake.

Nikavaa miwani. Nikatazama nusu yake, kutokea pale anapokaa yeye. Pete zote zilikuwa zinanitazama. Zote nyeusi, zimenyooka, upande wangu.

Nikainuka, nikazunguka meza, nikakaa kwenye kiti changu. Nusu yangu, ukiacha zile tatu, pete upande wangu. Nikazunguka tena. Nadhani nilizunguka mara nne, bibi mzima na kidole mdomoni. Pete upande wake. Pete upande wangu. Wote tulifuata kanuni ile ile, hakuna aliyesahau hata moja. Ila tulikaa tukitazamana.

Yeye siku zote anaunda peke yake. Ukiwa peke yako mezani, "upande wangu" ni upande mmoja tu, huna haja ya kujiuliza. Nami nimesimama mbele ya madarasa maisha yangu yote, na hata siku moja sijakaa upande wa mwanafunzi.

Alipoingia na mwavuli unadondoka maji, aliona chuma kinafuka moshi na kidole changu kimefungwa kitambaa. "Mama, umefanya nini? Usiyeyushe! Mimi ndiye nitakayegeuza zangu, nimeshaamua njiani."

"Kaa hapa," nikamwambia, nikimwonyesha kiti changu. "Kaa uangalie."

Akakaa. Aliangalia muda mrefu. Kisha akainua uso kunitazama, mimi kwenye kiti chake, yeye kwenye changu, na mabega yakaanza kumtikisika. Nilifikiri analia. Alikuwa anacheka bila sauti, na mimi nikaanza, na katikati ya kucheka mmoja wetu alilia kidogo. Nasema mmoja wetu. Daftari ni langu.

Jina la Bi Ngurumo nalifuta leo.

Ijumaa, 19 Aprili

Binti anasema hakuna atakayegeuza kitu. Amenieleza nikiwa namenya viazi, na nimemfanya arudie mpaka nikaelewa.

"Chipu kazi yake ni kuuliza, mama. Inatuma umeme kwenye safu za kulala, inauliza: nani kabonyezwa? Dayodi zenye pete upande huu zinajibu. Zako si kwamba hazina jibu. Swali halijazifikia, limegonga mlango kwa nyuma. Kwa hiyo nitaifundisha ikimaliza kuuliza huku, iulize tena kuanzia safu za kusimama."

"Mara mbili kwa kila herufi? Si itachelewa?"

"Inauliza haraka kiasi kwamba hakuna anayejua kama imeuliza hata mara moja."

Jumanne, 23 Aprili

Programu imegoma. Binti anatafuna kalamu. Nimempikia.

Jumamosi, 27 Aprili

Imekubali! Nusu yake inaandika, nusu yangu inaandika, na sauti yake ni ndogo, kama mtu anayegusa mto kwa vidole. Nikakumbuka zile tatu nilizozigeuza, nikamwambia hizo lazima zimekufa. Akanivutia kibodi, nikabonyeza ya kwanza kwa woga. Ikaandika. Ya pili na ya tatu vile vile.

"Ikishauliza pande zote, mama, haijali nani kageukia wapi."

Mwanangu alifika akatukuta tunapigana vikumbo mbele ya kompyuta, taulo la jikoni juu ya mikono ya mkewe. Akauliza kama kuna chakula. Tukaendelea kusukumana.

Ijumaa, 3 Mei

Mvua imepungua. Fundi anasema yamebaki mabati ya ukumbini. Binti sasa anatumia vidole sita.

Jumatano, 8 Mei

Jua kutwa. Nimerudi kutoka dukani nikamkuta chumbani kwangu, kwa maana ya chumbani kwake, na futi ya kupimia mkononi. Akashtuka, akasema anapima tu, akatoka. Sikuuliza. Nilimwambia nakirudisha mvua zikiisha, na mvua zimeisha. Ana haki ya kupima mahali pa kurudisha meza yake. Lakini nimekaa kitandani na machozi yamenitoka. Najua nilichoandika Aprili kumi na sita. Labda nilijidanganya kwa sababu nilitaka kudanganyika.

Yeye hasemi kaa. Mimi sisemi nataka kukaa. Jana nilimsikia akimwambia mumewe kwenye simu, "Kwake ni kwake, siwezi kumzuia mama asirudi kwake." Niliposikia hivyo nikaanza kukunja nguo.

Jumapili, 12 Mei

Hakuna mvua. Mabati yamekwisha kupigiliwa tangu juzi, na mwanangu ameazima tena lile gari. Niliamka mapema, nikakunja shuka, nikarudisha zulia lilipokuwa, nikavaa viatu vya kutokea na kukaa sebuleni na begi miguuni. Miwani ya karibu, miwani ya mbali, dawa. Kibodi ilikuwa mezani chini ya ile taa. Nilijizuia kuigusa.

Mwanangu akaingia akizungusha funguo.

"Mama, uko tayari kwenda?"

"Niko tayari," nikasema. Na ilikuwa kweli, viatu nilikuwa nimeshavifunga.

Akainama kushika begi. Mkewe alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, mikono imelowa.

"Ngoja," akamwambia. "Umeuliza upande mmoja. Muulize na upande wa pili."

Mwanangu akamtazama kama aliyeambiwa kitu kwa lugha ya kigeni. "Upande gani?"

"Muulize tu. Na mama, kabla hujajibu, meza inaingia pembeni ya kitanda chako. Nimepima. Inabaki nafasi ya viti viwili."

Mwanangu si mjinga, ni mzito tu kidogo kama marehemu baba yake. Aliweka begi chini. Alichuchumaa mbele yangu, jambo ambalo hajalifanya tangu akiwa mdogo akitaka kufungwa kamba za viatu.

"Mama," akasema, "unataka kubaki?"

Mtoto huyu nimemzaa mimi, na hilo swali hakuna mtu aliyewahi kuniuliza, wala mimi mwenyewe sikujiuliza kwa sauti. Nilikuwa nalo jibu muda wote.

"Nataka," nikasema, nikainama kufungua kamba za viatu.